Tundu la Waya Nyuma ya Kabati

Mimi hununua samani za zamani, hutafuta umri wake, kisha huzigeuza ziwe kitu kingine. Karakana yangu iko Kilosa mjini, nyuma ya nyumba ninayoishi na mama yangu, si mbali na stesheni. Kitanda cha chuma kilichotoka kwenye nyumba ya meneja wa mkonge huko Kimamba nilikifanya benchi la barazani. Mlango wa ghala nimewahi kuufanya meza ya watu wengi kulia chakula. Wateja wangu ni hoteli na kambi za Mikumi, na wote huuliza kwanza umri wa kitu. Kwa hiyo nalazimika kujua.

Sehemu ya mbele huwa siitazami sana, kwa sababu mbele ndiko watu hupaka rangi upya. Kitu chenyewe nakipindua. Skrubu za zamani zina mkato mmoja kichwani, za siku hizi zina nyota. Msumeno wa mkono huacha michirizi iliyopishana, wa mashine huacha michirizi iliyolingana. Ndani ya droo nanusa, maana mbao hukaa na harufu ya walioitumia: sabuni, tumbaku, dawa ya nondo.

Haya nilianza kuyajua utotoni, kwenye vitu vya baba. Baba alikuwa seremala wa reli. Alikufa mafurikoni mimi nikiwa bado tumboni. Alikuwa ametumwa kazi Munisagara, na wakati wa kurudi mto Mkondoa ukawa umejaa. Baiskeli yake ilikutwa kwenye tope, mwili haukuonekana. Ndugu walikaa matanga, wakazika suti yake. Kaburi hilo nimelifyekea majani maisha yangu yote.

Nyumbani alituachia kasha, stuli na meza ya kujipambia yenye kioo. Viungo vya droo zake alivikata kwa meno yanayopanuka nchani kama mkia wa njiwa, na jino la mwisho la kushoto siku zote lilikuwa jembamba kuliko mengine. Chini ya kila kitu alichoma alama kwa waya wa moto, mistari mitatu inayokutana kama unyayo wa kuku. Sikuwa na picha yake. Nilikuwa na unyayo huo, na nilipokuwa mdogo niliupapasa kwa kidole kama watoto wengine wanavyoshika ndevu za baba zao.

Mwaka jana, baada ya masika, hoteli moja ya Mikumi iliniagiza kabati pana la kuwekea sinki la kunawia mikono. Dalali akanielekeza kwa mama mmoja wa Mikumi, nyumba iliyo nyuma ya soko, aliyekuwa anaondoa kabati lake la sebuleni kwa sababu watoto wake walikuwa wamemletea la vioo. Nilikwenda na gari la mizigo. Yule mama alikuwa mnene, mchangamfu, anatembea kwa kuyumba kwa sababu ya magoti. Kabati lilikuwa la mninga, zito, limetunzwa. Barazani alikaa mzee mwembamba amevaa sweta. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, na vijana walipoanza kulivuta kabati kwa juu akawaambia walishike kwa chini, miguu isije ikavunjika. Nikamshukuru. Tukaondoka.

Siku iliyofuata, asubuhi, nilililaza kifudifudi karakanani ili nipime pa kupitisha bomba. Mgongoni, upande wa chini, niliona unyayo wa kuku.

Nilifurahi kwanza. Nilidhani nimepata kazi ya baba ya ujanani, imezunguka huko na huko hadi ikafika Mikumi. Nikatoa droo. Jino la kushoto lilikuwa jembamba. Nilitaka kumwita mama pale pale aje aone.

Kisha nikaona tundu. Lilikuwa la mviringo, ukubwa wa kikombe cha kahawa, katikati ya mgongo wa kabati, nyuma ya nafasi pana isiyo na rafu. Ni tundu la kupitishia waya wa televisheni, na ile nafasi ni ya kukalia televisheni. Baba alipokufa, huku bara hakukuwa na televisheni. Ile ya kwanza mtaani kwetu ninaikumbuka vizuri, nilikuwa msichana mkubwa, tuliichungulia dirishani kwa jirani.

Nikajiambia kwamba mtu alilitoboa baadaye. Ndicho kinachotokea kwa kawaida, na tundu la baadaye hujionyesha: kingo zake huwa nyeupe, nyuzi zimechanika, rangi haijaingia. Nilichukua tochi nikainama. Kingo zilikuwa zimepigwa msasa kwa uangalifu. Vanishi ilikuwa imeingia mpaka ndani ya tundu, vanishi ileile ya mgongo mzima, bila mshono wowote. Unyayo wa kuku ulikuwa chini ya vanishi hiyohiyo. Bawaba zilikuwa zimefungwa kwa skrubu za nyota, na hakukuwa na matundu ya skrubu nyingine zilizotangulia.

Nilizima tochi. Nikaiwasha tena, nikaanza upya kutoka juu, kama vile kabati lingebadilisha jibu. Kitu cha kwanza nilichokifikiria hakikuwa baba. Nilifikiria lile kaburi na suti iliyomo, na jinsi nilivyokuwa nikisimama pale nikisimulia matokeo yangu ya mitihani.

Halafu nikamkumbuka mzee wa barazani, aliyejua kabati lile lishikwe wapi, nikakaa chini kwenye maranda.

Mama alikuwa jikoni anachagua mchele. Macho yake hayaoni vizuri tena, lakini mikono yake haina kosa. Nilimshika nikamleta karakanani, nikamkalisha, nikamwekea droo mapajani. Aliipapasa pembeni, jino moja baada ya jingine, akafika kushoto, akaacha.

Nilimwambia kwamba kabati hili limetengenezwa wakati wa televisheni. Nikangoja ashtuke kama nilivyoshtuka mimi. Hakushtuka. Aliirudisha droo kwangu kwa mikono miwili.

"Yuko Mikumi," alisema. "Nilijua."

Alinisimulia akitazama ukuta. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alimwambia amemwona mumewe Mikumi, mama akambishia, baadaye akapanda basi kwenda kujionea. Alimkuta chini ya bati anapiga randa, mtoto mchanga amelala kwenye kanga pembeni yake. Alisimama ng'ambo ya barabara mpaka malori yakapungua. Hakumwita. Alirudi Kilosa, akapika, tukala. Hata mimi najaribu kuikumbuka siku hiyo na siikumbuki. Ilikuwa siku kama nyingine.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekwenda," alisema.

Ni kweli ningekwenda. Lakini nilijikuta nimesimama nje uani, na sikujua nimkasirikie nani kwanza. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta umri wa vitu vya watu wengine, na kifo cha baba yangu sikuwahi kukipindua hata kidogo.

Nilikwenda Mikumi wiki hiyo hiyo. Mkewe, yule mama aliyeniuzia kabati, alikuwa sokoni. Mzee alikuwa palepale na sweta lake, akanitambua, akauliza kama kabati lilifika salama. Nilimwambia lilifika. Kisha nikamwambia mimi ni nani: mtoto wa yule mwanamke wa Kilosa wa nyumba za reli.

Hakukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana, nilikuwa hata na picha za droo kwenye simu. Alishusha kichwa. Alipoanza kuzungumza sauti ilikuwa ya chini sana. Maji yalimbeba, akashika mti, wakulima wakamwokoa karibu na Kimamba, mguu umevunjika. Walimhudumia. Alipoweza kutembea, akasikia kwamba kwao alikwisha kuliliwa na kuzikwa. Alikuwa kijana, na kwa mama alikuwa ameozeshwa na wazee wa pande mbili bila kuulizwa.

"Niliposikia nimezikwa," alisema, "nilijisikia mwepesi. Nakwambia ukweli kwa sababu sina kingine cha kukupa."

Nilimuuliza kama alijua mama ana mimba.

"Nilijua."

Nilitegemea nitapiga kelele. Badala yake nilimtazama vidole. Vilikuwa vifupi, vipana nchani, na kucha za gumba zimeingia ndani. Ni vidole vyangu. Nikavificha vyangu chini ya mtandio, sijui kwa nini, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Sikumaliza maji aliyonimiminia. Nilisimama nikaenda stendi, na kwenye basi nililia mpaka abiria wa pembeni akaniuliza nani amefariki. Nilimwambia hakuna.

Mkewe ndiye aliyenishangaza mwishoni. Alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe katika hali ile, akamhoji mpaka akasema yote. Alikuwa ameolewa akiamini mtu yule hana mke wala mtoto popote. Jumapili moja, bila kutoa taarifa, alishuka Kilosa kwa basi na magoti yake yale, akauliza nyumba yetu kwa watu, akafika mlangoni na kuku wawili kwenye kikapu. Alimwita mama dada. Mama alimkaribisha ndani kwa utulivu, akamwomba apandishe miguu kwenye stuli kwa sababu aliisikia hatua yake inavyoburuza.

Walikaa jikoni hadi saa za basi la mwisho. Mimi nilikuwa karakanani na msasa mkononi, sikuweza kufanya kazi. Sauti zao zilikuwa chini. Wakati fulani nilisikia mmoja wao anacheka, kicheko kifupi, na mpaka leo sijui alikuwa nani.

Nilipomsindikiza mgeni stendi nikarudi, nilimkuta mama anafunga kamba ile miguu ya kuku. Nilimuuliza walikuwa wanazungumza nini muda wote huo. Akasema yule mama anapaka magotini dawa isiyomfaa, nimtafutie mafuta ya nyonyo nikienda sokoni, na kwamba tutawafuga hao kuku, hatutawachinja.