Vanishi ya Jana

Mimi ni fundi seremala wa Keko, na nina hasira za karibu. Tulipopewa barua ya kuondoka barabarani ili yajengwe maegesho ya magari, nilitaka kuitafuna mbele ya aliyeileta. Kibanda changu cha barabarani aliniachia baba. Nimekulia humo, nimesomesha wanangu humo, na huko tulikotakiwa kuhamia hakuna mteja ambaye angenifuata.

Tulilalamika mpaka tukachoka. Kisha tukasikia kamati ya Bunge inakuja kukagua mradi. Siku moja kabla, afisa wa mradi akatujia na tabasamu.

"Braza, kesho nyie msifungue. Ugeni ukikuta vumbi itakuwa ishu. Ila tunaomba viti vya meza kuu, kama kawaida."

Kama kawaida! Kila ugeni ukija huazima viti kwetu, nasi hatujui kukataa, maana hakuna fundi asiyetaka wakubwa wakalie kazi yake. Nikampa sita. Kizuri kuliko vyote kilikuwa cha mninga mtupu, na nilikuwa nimekipiga vanishi mchana uleule. Baba angenichapa, kwani kwake kiti kibichi kilikuwa hakitoki kibandani. Lakini nilitaka sifa.

Asubuhi nilivifuata viti vyangu, nikasimama nyuma ya turubai. Mwenyekiti wa kamati, mama mnene wa sauti ndogo, akakaribishwa kwenye kile cha mninga. Nikafumba macho.

Afisa akasoma taarifa yake. Mafundi, alisema, walikubali kwa hiari na walishahama miezi mitatu iliyopita. Damu ikanichemka. Alipomaliza, akawaomba wageni wakaone eneo. Yule mama akainuka, na kiti kikainuka naye.

Watu wakaguna. Akajibandua taratibu, akagusa kiti kwa kidole, akanusa.

"Hii vanishi ya jana," akasema. "Nani kaipaka?"

Mimi nikajikuta nimeshatokeza mbele.

"Shikamoo, mheshimiwa. Ni mie. Kibanda changu kile pale, jana nimefanya kazi mpaka magharibi. Nisamehe kwa nguo."

"Marahaba. Kwa hiyo hamjahama?"

"Hatujahama, na hatujakubali."

"Nguo itafuliwa," akasema. "Haya, fungueni vibanda."

Nilitegemea afute mradi palepale. Hakufuta. Alitueleza kwamba kamati huhoji na kushauri, lakini uamuzi ni wa serikali. Nikanuna, nikaona ni yaleyale. Sikujua kuhojiwa kunavyouma. Afisa na wakubwa wake waliitwa Dodoma, wakatakiwa waonyeshe saini za mafundi waliokubali. Hawakuwa na hata moja. Kamati ikaandika ushauri wake, na serikali iliyokuwa haisikii ikasikia. Barua ya pili ikaja: maegesho yatafutiwe mahali pengine, mafundi wabaki.

Siku hiyo mtaa mzima tuligonga mbao kwa nyundo kama wendawazimu. Nilifurahi mpaka nikalia, na sikujificha.

Kiti kile ninacho. Nyuzi za kitenge cha yule mama zimegandia kwenye vanishi, nyekundu na za manjano. Wateja wananiambia nikipige msasa niwauzie. Nawaambia wachague kingine. Hicho nakikalia mwenyewe kila asubuhi, palepale barabarani.