Bosi Wangu wa Mwisho Alikuwa Darasa la Sita

Siku yangu ya kwanza kazini, katika nyumba moja kubwa ya Kiyovu, Kigali, nilifagia uwanja uleule mara tatu. Nilikuwa nimefika majuzi tu kutoka Bujumbura, nilikozaliwa, na nilidhani kazi ya bustani ni kumwagilia maua basi. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, aliinama akaokota jani moja kavu, akaniwekea kiganjani.

"Salvatori, hili ni nini?"

"Jani, Kapita."

"Hapana. Hii ni aibu yako. Rudia."

Nikarudia. Ndivyo tulivyofunzwa sisi, wanangu. Bustani nzuri ilikuwa ile isiyo na kitu chini. Nilijifunza kupogoa kwa sekateri, ule mkasi wa matawi, nikikata kimshazari ili maji ya mvua yasikae kwenye kidonda cha mti. Nilijifunza kupanda pasipalamu, majani mafupi ya uwanja, na kunyoosha kingo zake kwa kamba. Kutoka Kiyovu nilikwenda hoteli moja, ambako Bwana Meneja alipitisha kidole juu ya mawe ya njia akitafuta vumbi. Mawe ya nje, jamani! Kisha nikawa Kanombe, kwenye nyumba za maafisa, na Afande aliyetusimamia alitaka ua wa mimea ukatwe sawa kama gwaride. Kote huko nilisifiwa, na sifa zikaniingia kichwani.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa shule moja ya msingi hapa Gitega ya Kigali, mwendo mfupi kutoka kwangu. Direkta, mkuu wa shule, ni mama mrefu mwenye sauti ndogo, na hajawahi kuhitaji kubwa. Shule ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Nyuma ya darasa la pili kuna ukingo mrefu wa udongo mwekundu, na kila masika ulimomonyoka, tope likafika madirishani. Niliupanda majani mara mbili, yote yakafa. Nikasema udongo umekufa, nikaendelea na fagio langu.

Watoto hawakukubali. Walikuwa watano, klabu ya mazingira, na kiongozi wao alikuwa Zainabu wa darasa la sita, binti mwembamba mwenye maswali mengi kuliko karani wa ofisi. Walichimba shimo pembeni mwa jikoni wakaanza kutengeneza mboji. Tabaka la maganda ya ndizi na viazi, tabaka la majani makavu, majivu kidogo, samadi ya ng'ombe waliyoibeba wenyewe kwa ngorofani langu, lile toroli la bustani. Kila Ijumaa walichomeka kijiti katikati, wakakichomoa na kukishika. Kikiwa cha moto, mboji iko hai. Kando yake walikuwa na kitalu cha mabingobingo, majani marefu yanayoshika udongo, na miche ya miti, kila mche ndani ya gome la mgomba badala ya plastiki. Mpango wao ulikuwa kuchimba mashimo ukingoni, kuyajaza mboji na kupanda kabla mvua haijaanza.

Mimi lile shimo lilinikera. Lilinuka, lilivuta nzi, na lilikuwa katikati ya uwanja wangu. Nilimwambia Zainabu anifanyie huruma auondoe ule uchafu.

"Muzehe, hii haiko uchafu," alinijibu kwa Kiswahili chetu cha Kigali. "Iko chakula ya udongo."

"Mimi nimefanya kazi hii kabla mama yako hajazaliwa," nikamwambia. Aibu yangu leo.

Basi ikafika habari kwamba wakaguzi wa usafi wa shule wanakuja. Jioni ya kuamkia siku hiyo Direkta aliniita. "Mzee Salvatori, nisione hata jani." Akaondoka. Gari la taka lilikuwa linapita mtaani saa ileile. Nisiwafiche, nilifanya kwa raha. Nilikodi vijana wawili, tukazoa mboji yote, kazi ya miezi mitano, tukaipakia garini. Kisha nikalifagia lile shimo mpaka mistari ya fagio ikaonekana chini.

Asubuhi nilisimama na fagio langu nikingoja sifa. Direkta akawaleta wageni moja kwa moja hadi pale. Kumbe ndicho kitu alichotaka kuwaonyesha! "Na hapa," akasema, "watoto wetu wanatengeneza mboji ya kuokoa ukingo." Wakachungulia. Mkaguzi mmoja akacheka.

"Mboji iko wapi?"

Direkta akawageukia watoto. Zainabu alitazama chini ya shimo, akaiona mistari ya fagio. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na kosa la namna ile mbele ya wageni lingetosha kunitoa getini bila chochote.

"Tulishindwa, Madamu," akasema. "Ilioza vibaya, tukaitupa."

Wenzake wanne wakainamisha vichwa. Wageni walipoondoka, Direkta aliwaambia wamemdanganya miezi mitano na klabu imefungwa. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikachukua fagio langu nikaondoka.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Akaiondoa sahani mbele yangu. "Mtoto wa watu amekubebea mzigo, Salvatori, na wewe unakula?"

Kulipokucha nikaenda ofisini kabla ya kengele, nikasema yote. Direkta alinisikiliza hadi mwisho. Akawaita watoto watano.

"Huyu hapa ndiye aliyetupa mboji yenu. Nimfanye nini?"

Wakanong'onezana. Zainabu akasema, "Madamu, turudishie klabu. Na Muzehe atufanyie kazi."

"Sawa. Mzee, kuanzia leo bosi wako ni huyu."

Mnacheka? Nimesimamiwa na kapita, meneja na afande, lakini aliyenichosha ni huyo. Nilibeba samadi kutoka kwa wafugaji wa pembeni mwa mji. Niligeuza mboji kila alipoagiza, nikashika kijiti nikaungua vidole, akafurahi. Lakini muda uliopotea haukurudi. Mvua ilitukuta tumepanda nusu tu. Nusu hiyo ilishika. Nusu ya pili iliporomoka usiku mmoja, na watoto wa darasa la pili walisomea barazani wiki nzima kwa sababu ya fagio langu. Wale watano hawakunilaumu. Walinipa jembe.

Tulimaliza upande wa pili baadaye, na masika iliyofuata tope halikufika dirishani. Siku yangu ya mwisho palikuwa na fanta, hotuba na kitenge cha zawadi kwa mke wangu. Zainabu, ambaye alikuwa ameshaingia sekondari, alikuja na sare yake mpya. Tukapanda wawili hadi ukingoni, naye akaanza kukagua mche mmoja mmoja, kama kawaida yake. Hapo nikamuuliza nililoogopa kuuliza mwaka mzima.

"Siku ile ya wageni, mbona hukunitaja?"

Hakuinua kichwa. "Baba yangu alifukuzwa kazi nikiwa darasa la nne, Muzehe. Najua nyumbani kunakuwaje."

Kisha akanionyesha mche uliolegea, akaniambia niukandamize udongo. Nikapiga magoti nikaukandamiza.

Siku hizi niko nyumbani, na majirani hunisifu kwamba nimemaliza kazi salama, bila doa. Huwa nawaambia ukweli. Doa lipo, na pensheni ninayokula kila mwezi nililindiwa na mtoto wa miaka kumi na miwili niliyekuwa nimetoka kumwumiza.