Mama Alivyoiambia Mahakama Kwamba Anakula

Mdogo wangu ni fundi seremala pale Mkuyuni. Alinunua mbao bila kuuliza zimetoka wapi, kumbe za wizi, akashtakiwa. Mahakama ilimpa dhamana, mimi nikawa mdhamini wake, lakini sharti moja lilitumaliza: asitoke nje ya wilaya ya Nyamagana mpaka kesi iishe. Mama yetu anaishi Kisesa, na Kisesa ni wilaya ya Magu.

Utasema, si hapo tu? Ni hapo tu kwa mwenye ruhusa. Mama alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia haunyanyuki, na chakula alikipokea kwa mtu mmoja tu duniani, huyo kitinda mimba wake. Kila jioni jamaa alifunga karakana akaenda kumlisha. Alipozuiwa, nikahamia Kisesa mimi. Hee! Mama akafumba mdomo. "Wewe unanilisha kama unamwaga zege," aliniambia. Kuhamia mjini hataki hata kusikia, baba amezikwa pale nyumbani na hawezi kumwacha peke yake. Vijiko viwili vya uji, basi. Alikonda mpaka pete ikamvuka kidoleni, na mimi nikawa nagombana naye mchana, usiku namlilia.

Tukaomba masharti yapitiwe upya. Hakimu akasema mama aletwe amwone.

Kusikia anakwenda mbele za watu, mama akadai kitenge kipya, hereni, na mafuta usoni. Nikamsihi, mama, twende hivyo hivyo ulivyo. "Hivyo hivyo kama mkiwa? Kwani sina watoto mimi?" Nani anabishana na mama? Nikampamba. Alipoingizwa mahakamani kwenye kiti cha magurudumu, aling'aa utadhani anakwenda kupokea mahari.

Hakimu alikuwa dada wa makamo, mpole. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Hali yako, mama?"

"Nzuri kabisa, namshukuru Mungu."

"Na kula, unakula?"

Mama akanitupia jicho. "Nakula sana! Huyu binti yangu ananilisha vizuri, sina shida yoyote."

Jamani! Mwendesha mashtaka akasimama, akasema mahakama imesikia yenyewe, maombi yatupwe. Mdogo wangu kule kizimbani aliinamisha kichwa. Nami nilimwelewa mama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwetu, mzee akisema mbele za watu kwamba hali chakula, amemtangaza bintiye kuwa anamnyima. Alikuwa radhi kumkosa kipenzi chake kuliko mimi niaibike.

Nikanyanyuka bila kuitwa. "Mheshimiwa, mama anadanganya!"

Watu wakacheka. Mama akanifokea, "Kaa chini, huna adabu!"

"Sikai! Mheshimiwa, ananisitiri. Kwangu hali. Nimepika samaki, nimepika ndizi, nimepiga magoti, hali. Anamtaka mwanawe. Mimi sijui kumlisha, na sioni haya kusema, kwa sababu akiendelea hivi atakufa mikononi mwangu."

Hakimu akashuka kwenye kiti chake, jambo ambalo sijawahi kuliona, akaushika mkono wa mama, akausukuma juu mkono wa gauni la kitenge taratibu. Mle ndani ni ngozi na mfupa tu, kila mtu aliona. Mwendesha mashtaka naye akaangalia chini, akasema hana pingamizi.

Sharti likabadilishwa: mshtakiwa alale Kisesa kwa mama yake, aripoti kituo cha polisi cha hukohuko kila Jumatatu, na kesi ikiitwa afike bila kukosa. Hakimu akanionya kwamba akitoroka nitashikwa mimi. Nikaitikia kwa moyo mmoja.

Mdogo wangu alipotoka kizimbani alikuja moja kwa moja, akachuchumaa mbele ya kiti. Mama alimpapasa uso kwa ule mkono mzima, taratibu, paji mpaka kidevu. Halafu akasema kwa sauti, hakimu anasikia, mwendesha mashtaka anasikia, ukumbi mzima unasikia:

"Mwanangu, nina njaa."