Gazeti la Kileleni

Mume wangu Ottorino ameitunza barabara ya kilele cha Valfosca miaka thelathini na moja, akiondoa mawe na theluji kwenye kona zote arobaini na nne. Ukimuuliza, atakwambia hiyo ilikuwa kazi ya pembeni. Kazi yake hasa ilikuwa kugawa magazeti.

Mashindano makubwa ya baiskeli yakipita kwetu, watu husimama kileleni kuwapa waendeshaji magazeti, wayapachike kifuani chini ya fulana, upepo wa mteremko usiwagandishe. Baba yake aliwahi kumpa bingwa mmoja, na ukoo mzima haujapumzika tangu siku hiyo. Basi Ottorino naye akawa na ndoto moja tu duniani: gazeti lake lipokelewe, walau mara moja. Hakuna aliyeligusa. Siku hizi timu zina makoti mepesi na watu wa kuyashika, lakini hayo nani amwambie.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, theluji ilianguka Mei. Asubuhi ya mashindano gazeti la bondeni lilitoa picha yake, mara ya kwanza maishani, amesimama na koleo kama jenerali. Barabara ilikuwa imefungwa kwa magari ya kawaida, ikafika kileleni nakala moja tu, aliyoileta dereva wa greda la kuondoa theluji. Nyumbani msumari ulishagongwa ukutani na fremu ipo, vikiisubiri picha hiyo. Nakala nikapewa mimi niifiche ndani ya koti.

Waendeshaji wa mbele wakapita na makoti yao.

“Hawana haja nawe, mzee,” nikamwambia. “Twende, ugali unapoa.”

“We subiri. Wa mwisho bado.”

Magazeti aliyoyapunga tangu asubuhi yalishalowa theluji yakawa uji.

Wa mwisho alitokea peke yake, midomo imegeuka bluu. Gari la timu yake lilishateremka na wale wa mbele. Akasimama mbele ya Ottorino, akanyoosha mkono.

“Mzee, gazeti.”

Miaka thelathini na moja, na mikononi mwa mume wangu hamna kitu ila maji. Akanigeukia.

“Ilda, lete.”

“Lete nini? Hili lina sura yako.”

“Najua lina nini. Lete, mtoto wa watu anaganda.”

Nikalitoa. Akampachika mwenyewe, akamfunga zipu hadi shingoni kama anampeleka shule. Sura ya mume wangu ikateremka Valfosca kifuani mwa mtu ambaye hata jina hatukumuuliza.

Msumari bado uko ukutani, mtupu. Nilitaka kuagiza nakala nyingine, akakataa. Kila mgeni huoneshwa msumari, na maelezo yake ni marefu kuliko barabara yenyewe. Mimi hukimbilia jikoni. Siku ile nililia, na sitaki kumpa sababu nyingine ya kuringa.