Fimbo ya Baba Haikushuka

Siku aliyonikabidhi ngoma kubwa, baba aliniambia jambo moja tu: nisiipige kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, kila anayekuja kusukwa nywele kwangu Rosettenville, Johannesburg, anajua, kwa hiyo nikamjibu kwamba basi ampe mtu mwingine. Mtu mwingine hakuwepo. Kaka yangu aliyekuwa akiibeba alishahamia Cape Town kwenye kazi ya ulinzi. Ngoma yenyewe nzito, mikanda yake inakata mabega, na ukiwa mfupi kama mimi huoni mbele mpaka uinamishe kichwa pembeni. Nikaivaa hivyo hivyo. Niliibeba tangu 2015 hadi 2018, na miaka yote hiyo mtu niliyemtazama kuliko wote ni baba, tena mgongo wake.

Bendi yetu ilikuwa ya ngoma na buruji, zile tarumbeta zisizo na vitufe, ambazo kila sauti unaitafuta kwa midomo yako mwenyewe. Sisi wenyewe tuliiita fanfari, kama kwetu. Wengi tulikuwa Wakongo wa Katanga na Kivu, Warundi kadhaa, na Mtanzania mmoja aliyeletwa na mkewe na hakuondoka tena. Umri haukuulizwa. Tulikuwa na watoto wa shule ya msingi waliojibu kwa Kizulu kila walipoongeleshwa Kiswahili, na tulikuwa na mama mmoja mpiga matoazi ambaye wajukuu wake walikuwa mstari wa mbele yake. Baba ndiye aliyeianzisha. Lubumbashi alikuwa mwenye fimbo wa bendi ya wafanyakazi wa mgodi, yule anayetangulia mbele na kuongoza wote kwa fimbo ndefu bila kusema neno. Johannesburg alikuwa fundi cherehani. Sare zetu alizishona yeye, za bluu, na kola zake zilibana shingo kwa sababu aliamini mtu akibanwa shingo anasimama wima.

Tulifanya mazoezi Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa nyasi Turffontein, si mbali na viwanja vya mbio za farasi. Julai nyasi zilikuwa za manjano na baridi ilifanya shaba ing'ang'anie midomo ya wapigaji. Kuna mzungu mmoja alikuja kulalamika kwamba tunawashtua farasi wake. Baba alimwomba radhi kwa Kifaransa, kirefu, kwa adabu zote, kisha akainua fimbo tukaanza tena.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja, na aliirudia hata kwa watoto. Fimbo ndiyo inayoamua. Ikisema kushoto, wote kushoto, hata kama tulijifunza kulia.

"Mukikosa, mukose bote pamoja," alisema. "Mukikosa pamoja, hakuna mwenye atajua kama mulikosa."

Ni kweli kabisa. Waamuzi wa mashindano hawajui ulipanga nini. Wanaona tu nani yuko nje ya mstari. Kwa sheria hiyo bendi ya washonaji, wasusi na walinzi ilionekana mbele za watu kama jeshi, na nilijivunia sana, ingawa mbele ya baba sikusema.

Ila sheria hiyo hiyo ndiyo iliyotuficha ugonjwa wake. Mwaka 2017 alianza kukosea mizunguko. Palipotakiwa nyuma geuka, yeye alinyoosha moja kwa moja, nasi tukanyoosha naye. Jumapili moja alitupeleka hadi kwenye uzio wa waya, tukasimama hapo tukikanyaga mahali pamoja, mstari wa kwanza matumbo yakigusa waya, huku buruji zikiendelea. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baba naye alicheka, akasema alitaka kuona nani amelala. Mimi nilikuwa wa mwisho kuacha kucheka, na niliacha kwa sababu niliona anaitazama ile fimbo mkononi mwake kama mtu anayeshangaa ameipata wapi.

Halafu ikatokea kwenye robot ya kona, zile taa za barabarani ninazoziona kutoka mlangoni pa saluni yangu. Alikuwa ameenda kununua uzi. Nilimwona amesimama ukingoni, taa ikageuka kijani, watu wakavuka, yeye akabaki. Ikarudi nyekundu. Ikawa kijani tena na yeye bado amesimama, mfuko wa uzi mkononi, uso umetulia kabisa. Nilimwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu nikakimbia kumshika mkono. Aliudhika. Aliniuliza tangu lini anavushwa barabara na mtoto aliyemzaa yeye.

Niliogopa. Sitapamba neno hilo. Nilimfuata mwalimu wa buruji, Mrundi mmoja mpole aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye maduka, mtu ambaye baba alimsikiliza kidogo. Nilimwambia kwamba mashindano ya Soweto yanakuja, kutakuwa na bendi za wenyeji zilizozaliwa na muziki huo, na kutakuwa na watu wengi, na mimi sitaki baba yangu achekwe na watu asiowajua. Ashike kitu kingine. Abaki mshauri, akae kwenye kiti, apewe maua, vyovyote vile, ila fimbo ichukuliwe na mtu mwingine.

"Na nani atamwambia, dada?" aliniuliza.

"Wewe."

"Mimi? Yule muzee ndiye alinipokea nikifika hapa sina hata sapatu. Siwezi. Wewe ni mutoto wake."

"Ndiyo maana siwezi."

Tukatazamana kama wajinga wawili. Mwishowe akatoa shauri ambalo lilionekana la busara. Bendi ya kutembea ina vitu viwili tu vinavyoweza kuisimamisha. Cha kwanza ni fimbo ikishuka. Cha pili ni ngoma kubwa ikinyamaza, kwa sababu miguu yote inaisikiliza hiyo, na ikikosekana hakuna anayejua pa kukanyaga. Basi, alisema, baba akipotea, mimi ninyamaze. Watu watadhani ndivyo tulivyopanga. Nilikubali, nikarudi nyumbani nimejiona nimefanya jambo, kumbe nilichofanya ni kujitwisha mzigo ambao hakuna mwingine aliyeutaka.

Baba aliyataka mashindano yale kuliko alivyotaka kitu chochote tangu tuingie nchi hii. Tulishiriki kila mwaka na kila mwaka tulirudi na makofi tu. Safari hii alirudia kupiga pasi sare zote mwenyewe, akakagua viatu vya watoto, akamkataza mama wa matoazi kuvaa kofia yake ya sufu juu ya kofia ya bendi. Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa mzima kuliko mimi. Alikumbuka kila kitu. Alikumbuka hata kwamba mkanda wangu wa kushoto hulegea, akaukaza. Nilijiambia labda nimemsingizia.

Uwanja ulikuwa wa mpira, wa shule, na majukwaa yalijaa. Kila bendi ilikuwa na muda wake, na ukiupitisha mwamuzi anainua bendera nyekundu na alama zinaanza kukatwa. Tulipoingia, watu walinyamaza kidogo kutushangaa, kisha tukaanza, na naapa hatujawahi kupiga vile. Mizunguko yote baba aliipata. Nyuma geuka, mistari ikapita katikati ya mistari, watoto hawakugusana hata mabega. Majukwaa yalisimama. Nikapiga kwa furaha mpaka ngozi ya ngoma ikanirudishia virungu vya kupigia mikononi.

Tulifika mwisho. Mwisho wetu ulikuwa rahisi kuliko vyote: tunakanyaga mahali pamoja, wimbo wa mwisho unamalizika, baba ananyanyua fimbo juu ya kichwa, anaishusha, kimya.

Akainyanyua. Wimbo ukaisha. Fimbo haikushuka.

Basi wapigaji wakaurudia wimbo, kama tulivyofundishwa. Ukaisha tena. Fimbo iko juu. Wakaanza tena. Mara ya kwanza majukwaa yalishangilia, wakidhani ni madoido. Nilikuwa nyuma kabisa, naona mgongo wa baba, mabega yake sawasawa, magoti yakipanda na kushuka vizuri kuliko ya kijana. Hakuna kilichoonyesha kwamba amepotea isipokuwa ule mkono.

Bendera nyekundu ilipanda. Midomo ya wapigaji wa buruji ilianza kuchoka, sauti zikachubuka, mtoto mmoja mbele yangu akageuza kichwa nusu na kulalamika, "Eish, mkhulu!" akimwita baba "babu" kwa Kizulu, na machozi yalikuwa tayari. Watu wakaanza kucheka. Kicheko kilianza kwa vijana wachache upande wa goli, kikapanda.

"Mwanangu," mama wa matoazi aliniambia kwa pembe ya mdomo, "mikono yangu inakufa. Simamisha hii kintu."

Nilijua kazi yangu. Ilikuwa kazi rahisi kuliko zote, kuacha kupiga. Lakini mikono yangu iliendelea yenyewe, kwa sababu nilijua kwamba nikiacha nitakuwa nimetangaza mbele ya uwanja mzima jambo ambalo nyumbani nilikuwa nashindwa kulisema hata jikoni. Nilimwomba baba moyoni ashushe. Nilimwomba Mungu. Nilimkasirikia yule Mrundi na shauri lake, nikawakasirikia waliokuwa wanacheka, nikamkasirikia hata kaka yangu huko Cape Town. Wimbo ukaisha tena, ukaanza tena, na safari hii karibu nusu ya buruji hazikutoa kitu ila hewa.

Nikaacha.

Miguu ya bendi ilisimama pale pale, wote kwa pamoja, vizuri sana. Na baba akaendelea. Peke yake, kwenye uwanja ulionyamaza, fimbo juu, goti juu, goti chini, viatu vyake vikigonga nyasi kavu. Kimya kile kilidumu kidogo tu kabla kicheko hakijapasuka, na mimi nikasimama nyuma ya ngoma yangu sina la kufanya. Kumwita sikuweza. Mtu hamwiti mwenye fimbo. Kumfuata nisingeweza bila kuvunja mstari.

Hatimaye alisikia kwamba hakuna sauti nyuma yake. Akafanya nyuma geuka safi kabisa, akatutazama. Nilitegemea kumwona mzee aliyechanganyikiwa. Niliyemwona ni mwenye fimbo wa Lubumbashi aliyekasirika, macho makali, anapita mstari kwa mstari kutafuta nani ameharibu. Alipofika kwangu macho yakabaki hapo. Kisha akashusha fimbo kwa heshima zote, akawapigia waamuzi saluti, akatutoa nje ya uwanja.

Tulirudi kwa basi la kukodi. Mwalimu wa buruji alijifanya amelala. Tulipopita mtaa wa Mayfair, watu wakitoka kuswali msikitini, baba aligeuka kwenye kiti cha mbele.

"Ku ngoma kubwa alikuwa nani?"

Mama wa matoazi aliangalia dirishani.

"Mimi, papa," nilisema.

"Weye. Mi najua ni weye. Ulisimamisha bantu yangu katikati ya kazi. Tulikuwa tunashinda."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na bendera nyekundu, midomo ya wale watoto, wimbo uliorudiwa mpaka ukatoboka. Yote yalikuwa mdomoni. Nikamtazama usoni na nikaona kwamba kwake yeye ilikuwa hivyo kweli: alituongoza vizuri hadi mwisho, na kabla ya kumaliza, binti yake akaacha kupiga. Kumwambia vinginevyo kungekuwa kumwambia jambo lote.

"Nisamehe, papa," nikasema. "Mkono ulichoka."

"Basi iyo ngoma utapatia mwengine."

Mwalimu wa buruji alifungua macho, akayafunga. Tuliposhuka alininong'oneza kwamba ni hasira tu, itapita, mzee atasahau. Nilimwamini. Kwa wiki ile baba alisahau funguo ndani ya mlango, akasahau sufuria jikoni mpaka nyumba ikajaa moshi, akaniita kwa jina la marehemu dada yake na akaniuliza kama treni imefika. Jumapili, uwanjani, nilipoinama kuvaa mikanda, alikuja akanigusa bega.

"Nilikuambia upatie mwengine."

Hilo hakulisahau. Aliyepewa ni fundi mwenzake wa kushona, mtu wa Uvira, mtu mzima, mrefu, mwenye mkono mzuri kuliko wangu, sikatai. Nilimkazia mikanda mimi mwenyewe. Nilitaka kumweleza kazi nyingine ya ile ngoma, nikaanza, akanikatiza kwa tabasamu.

"Usiogope, dada. Mimi nikipiga, nangoja muzee. Hata ikifika usiku, nitangoja."

Nilikaa pembeni kwenye nyasi na makoti ya watoto mapajani. Baba alipanga mistari, akarekebisha kola ya mmoja, akaenda mbele, akainua fimbo. Ngoma kubwa ikaanza, nzito, sawasawa, na yule mtu wa Uvira alikuwa anamtazama baba yangu mgongoni kwa heshima na mapenzi yote, na nikajua kwamba huyo hatanyamaza kamwe.