Injini Iliyofundishwa Zizini

Mwaka ule tulipoambiwa kwamba sisi wa Hanang si watu wa Arusha tena, tuna mkoa wetu wa Manyara, baba aliuza maksai wake wawili ili injini ya pikapu yangu ifunguliwe na kufungwa upya. Ilikuwa mtumba wa Japani, dizeli yenye tabo ya kuisukumia injini hewa, nami niliishi kwa kubeba maharage ya Gendabi kwenda mnadani. Maksai wengine hatukuwa nao. Injini ile ikifa, tungelima kwa jembe la mkono.

Fundi wa Katesh alinipa ufunguo na maelekezo ambayo sikuyaelewa, ila niliona aibu kuuliza mara mbili. Nisiikimbize, lakini nisiibembeleze. Niipandishe mwinuko wa Mogitu na mzigo kiasi, ringi mpya za pistoni zikae sawasawa. Nisiiwashe na kuiacha ingurume bila kwenda. Lakini nikitoka safari nisizime ghafla, niiache ingurume kidogo tabo ipoe. Sasa ingurume au isingurume?

Baba hakuchanganyikiwa. Alikuwa amefundisha maksai maisha yake yote, na maksai mchanga hafungwi plau siku ya kwanza. Anavishwa nira, anasimama nayo tu hadi shingo izoee. Akasema injini changa isipewe mzigo. Mimi mwenye leseni nikaona heri agizo linaloeleweka. Wiki mbili tuliiwasha kila asubuhi, ikanguruma kando ya zizi mpaka maziwa yakaisha kukamuliwa, baba ameweka mkono juu ya boneti akiisemesha Kiiraqw. Barabarani nilikwenda polepole hadi watoto wa shule wakanipita, na wakanipa shikamoo kwa heshima zote.

Oili ikawa inapungua. Naongeza, inapungua. Siku tulipopakia magunia na kupanda Mogitu, nyuma yetu ulitoka moshi wa bluu, tukageuza kurudi Katesh.

Fundi aliuliza tumeitumiaje, nikamweleza. Akashika kiuno. Alisema ringi hukaa kwa kazi, na sisi injini tumeilaza. Labda mlima na mzigo vitaiponya, labda ifunguliwe tena. Hakujua.

“Kwa hiyo ni mimi nimemharibu?” baba akauliza.

“Hapana, baba. Ni mimi sikusikiliza.”

Njiani kurudi nyumbani, karibu na shamba la mtu aliyenunua maksai wetu, baba aliniomba nisimame. Wale maksai walikuwa wanalima, mistari imenyooka, hakuna anayewapigia kelele. Moshi wetu ulivuka ua wa katani ukawafikia.

“Hawa niliwafundisha vizuri,” alisema.

Niliona uchungu. Nikabaki na mkono kwenye ufunguo, sijui nizime au niiache ingurume.