Vikombe vya Chai vya Ploti Yetu

Mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu nilikuwa mtu wa kubishana na kila kitu, hata kitabu cha takwimu. Mhadhiri alitupa wiki moja tuhesabu watu wanaoishi katika nyumba kumi na nane za mtaa wowote, akasema asiyeleta karatasi hafanyi mtihani. Niliona ni kazi ya mchana mmoja. Ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mtaani Lucky Summer, ilikuwa na vyumba kumi na nane hasa, kila chumba nyumba ya watu wake. Wenzangu walihangaika kuchagua sampuli. Mimi ningeuliza ploti nzima.

Nilianzia kwetu.

"Wawili, mimi na baba yako," mama akasema, akikata mboga ya sukuma.

"Mama, mimi ni wa ngapi?"

"Wewe ni mgeni. Uko chuo."

"Na hawa binamu watatu?"

"Wamepita tu." Walikuwa wamepita tangu Januari, na walikuwa wanasoma shule ya hapo jirani.

Nikaenda mlango kwa mlango. Wawili. Wawili. Chumba kimoja watoto wanne walinichungulia kutoka kitandani huku baba yao akinijibu bila kupepesa macho: wawili. Jioni wastani wangu ulikuwa watu wawili, jibu la katikati wawili, jibu linalojirudia zaidi wawili. Mkengeuko, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika mbali na wastani, haukuwepo kabisa. Hakuna mhadhiri ambaye angekubali karatasi ile.

Kosa lilikuwa langu. Mwenye ploti alitoza maji kwa kichwa, na kwa kila mtu aliyezidi wawili aliongeza bei. Nilikuwa nimelijua hilo tangu utotoni, lakini nikapita na daftari na kalamu kama mtu wake.

"Kijana, amekuandika lini kazi?" jirani mmoja alinitania.

Zikabaki siku mbili. Nikamwambia mama huo mtihani naukosa. Akacheka.

"Watu hawaulizwi hivyo. Uliza asubuhi wanapika chai vikombe vingapi."

Nilibisha, kama kawaida yangu, kisha nikamtazama akipika. Alipima maji na maziwa kwa kikombe, kimoja kwa kila mtu. Maziwa hayakumwagwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Nikahesabu: vikombe sita. Naam, tulikuwa sita, wageni wote tukiwemo.

Safari hii hakuna aliyeninunia. Wamama waliniita wenyewe. "Kwangu andika saba, na uandike majani yakolee!" Mwingine akanisuta: "Chuo kikuu chote hicho, wanakufundisha chai?" Vitatu, vitano, vinane, vitano tena. Majibu yalikuwa yametawanyika vizuri, nikafurahi kama mtu aliyepata kazi.

Mlango wa mwisho mama mmoja, aliyeishi na mumewe tu, akasema arobaini. Alijaza chupa za chai akawauzia wafanyakazi wa viwanda vya mtaa jirani wa Baba Dogo. Kwa ajili yake wastani uliruka kutoka vitano hadi karibu saba, ilhali jibu la katikati lilibaki palepale, vitano. Hapo nikaelewa kwa nini tunafundishwa vyote viwili.

"Nikutoe kwenye hesabu?" nikamuuliza.

"Unitoe kwani mimi si wa ploti hii?"

Nikamwacha, nikaandika maelezo yake pembeni. Mama alinipa sharti moja tu: jina la ploti lisionekane popote.

Mhadhiri alisoma karatasi yangu yote, akarudia ukurasa wa vikombe.

"Hii ni ploti gani?"

"Iko Eastlands, mwalimu."

"Eastlands ni kubwa."

"Ndiyo, mwalimu."

Alinitazama kidogo, nami nikatazama viatu vyangu. Kisha akavuta orodha ya watakaofanya mtihani, akaandika jina langu.